Maji Mdomoni

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba nasikiliza. Wengine hunionea huruma, wakidhani ndiyo njia yangu ya kusema sina kazi. Wanaonijua hucheka mpaka wanashika mbavu, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kumsikiliza mtu mpaka akamaliza sentensi. Kazini wananiita Redio, na si ile ya kisasa yenye kitufe cha kuzimia.

Lakini ni kweli nasikiliza. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na vibanda vyetu viwili vya kusikilizia vimezungushiwa vipande vya godoro ambavyo mwenye duka alishindwa kuviuza. Ukiingia na kufunga mlango, dunia inakatika. Unasikia damu yako mwenyewe ikipita masikioni. Mgeni wetu mmoja alikaa humo dakika mbili, akatoka anaulizia choo.

Tunachosikiliza ni ncha ya dunia. Kuna setilaiti inayopita juu ya ncha mara kadhaa kwa siku, imebeba vyombo vya kupima umeme, na inavyovipima vinateremshwa kwenye antena, vinageuzwa kuwa sauti, vinaletwa kwetu kwa waya. Huko juu nyuzi za sumaku ya dunia zimesimama wima kama nywele za mtu aliyekanyaga nyoka. Elektroni hushuka kwenye nyuzi hizo kwa mafungu, kwa kasi isiyo na adabu, zikagonga hewa, na hewa ikawaka mapazia ya kijani. Sisi kwenye hedifoni tunasikia mvumo, kama mafuta yanayochemka chumba cha pili. Hiyo ndiyo sehemu yangu. Unaandika "mvumo", unaandika saa, unapiga miayo, unaendelea.

Sehemu ya Dada yangu, ambaye tuko ofisi moja, ilikuwa nyingine.

Kati ya pazia moja la mwanga na jingine huwa kuna ufa mweusi. Umeme haukubali safari ya kwenda bila kurudi. Elektroni zikishuka hapa, lazima pengine zipande, na zinapandia kwenye ule ufa. Zinatoka huku kwetu chini, zinachomoka kwenda juu kwa mstari mwembamba kama uzi unaovutwa kutoka kwenye shati. Msimamizi wetu hupenda kutukumbusha kwamba elektroni zikipanda, mkondo wa umeme husemwa unashuka. Nilipomuuliza kwa nini, alisema waliotunga kanuni walichagua upande kabla hawajaijua elektroni, halafu wakaona haya kubadilisha. Nikamwambia hata kwenye ukoo wetu kuna mjomba wa namna hiyo. Msimamizi huyu tunamwita Bwana Chujio, kwa sababu hakuna kosa linalopita kwake, na pia kwa sababu ya matundu ya sweta lake.

Sasa, kwenye ufa hakuna mvumo. Kuna sauti moja tu, nyembamba, inayopanda na kushuka, na mashine ya kupimia huipoteza kila mara, kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Sikio la mtu haliipotezi. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: ukifika kwenye ufa, unairudisha rekodi nyuma, unawasha maiki, na unaifuatisha ile sauti kwa koo lako, "uuu", midomo wazi kidogo kama unapoza chai, mpaka ufa uishe. Mfuatisho wako ndio unaopimwa. Hairuhusiwi kuruka ufa na hairuhusiwi kukatisha.

Dada ndiye aliyekuwa fundi. Miaka tisa, hajaruka ufa hata mmoja. Sauti yake ina alama moja: ana pumu, na pumzi inapokaribia kuisha sauti hujikwaa, kidogo tu, kama mtu aliyekosa ngazi moja, kisha anavuta hewa, "hii", anaendelea. Alama hiyo naijua kuliko jina langu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita na Dada kumi na saba, akanilea yeye. Nilikua nikimsikia akiimba anapoosha vyombo. Sauti ikijikwaa mahali pasipo pake na isivute hewa, naacha kila kitu, nachukua pampu yake ya pumu, nakimbilia jikoni huku naita: "Dada? Dada?" Mara mbili, siku zote mara mbili. Ya kwanza kwa hofu, ya pili kwa hofu iliyovaa viatu. Kufika ya tatu, namshukuru Mungu, sijawahi.

Basi, Jumatatu moja asubuhi akaja Mkaguzi.

Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, ametumwa na wenye setilaiti. Hakutaka chai. Mtu asiyetaka chai ana habari mbaya, nilijua papo hapo. Alituketisha watatu kwenye chumba cha Bwana Chujio, akavaa miwani, akaweka spika ndogo mezani.

"Hii imetoka angani," akasema, akabonyeza. Uuu, nyembamba, ikapanda, ikashuka. "Na huu ni mfuatisho wako, bibie." Uuu, ikapanda, ikashuka.

"Zinafanana," alisema Bwana Chujio kwa fahari. "Ndiyo kazi yake hiyo, zifanane."

"Sikiliza tena ile ya angani. Sekunde ya kumi na tisa."

Tukasikiliza. Kwenye sekunde ya kumi na tisa sauti ya angani ilijikwaa. Kisha ikavuta hewa. Hii.

Mkaguzi akavua miwani. "Elektroni haina mapafu," akasema.

Nilitaka kucheka, maana ilikuwa kauli nzuri na iliniuma kwamba si yangu. Kisha nikamwona Dada. Alikuwa ameshika kona ya meza.

"Mtu ameimwaga sauti yake juu ya rekodi ya asili," Mkaguzi aliendelea. "Mara kumi na nne kwa mwaka huu. Huko kwetu watu wameandika ripoti nzima kuhusu elektroni zinazopumua. Unajua aibu yake?"

"Sijamwaga chochote," alisema Dada.

"Na rekodi za asili anazihifadhi nani?"

Bwana Chujio akaniangalia. Akaangalia sweta lake. "Huyu," akasema. "Ni mdogo wake."

"Ahaa," alisema Mkaguzi. Ile "ahaa" ilikuwa ndefu kiasi cha kupangishwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi nikiiba siwezi kukaa kimya mpaka saa sita mchana. Ningeshajitangaza mwenyewe."

"Redio, nyamaza," alisema Dada bila kunitazama. Kisha akamgeukia Mkaguzi. "Mama, miaka tisa sijaruka, sijaongeza, sijapunguza. Ukiniondoa kwa kuwa nimechoka, nitashukuru nikapumzike. Ukiniondoa kwa kughushi, hapana. Nipime kwanza."

Ughushi katika kazi yetu si mzaha. Jina lako linapelekwa kwenye vituo vyote vya kusikilizia, na baada ya hapo hata kengele ya mlango hawakuruhusu uisikilize. Na Dada hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Hakuolewa, hakusoma alikotaka kusoma. Alinisomesha mimi, na mnaona faida yenyewe.

Mkaguzi alifikiri. Akasema kesho saa nne na dakika kumi asubuhi setilaiti itapita. Waya wa antena utaingia kwenye spika moja kwa moja, usipite kwenye mashine yetu yoyote. Na sisi wawili, dada na mdogo wake, tutakaa mbele yake tukiwa na maji mdomoni.

"Maji?" nikauliza.

"Maji. Asiyeweza kufungua mdomo hawezi kuimba 'uuu'."

"Na kwa pua je?"

"Kwa pua nitakusikia, kijana. Nitakuwa nimekaa karibu yako kuliko unavyopenda."

Jioni ile, nyumbani, Dada aliosha vyombo bila kuimba. Mimi nilifuta, nikapanga, nikapiga soga tatu zilizokufa zikiwa changa.

"Nikikuambia kitu, hutacheka?" akasema.

"Hapo umeomba kubwa. Sema nijaribu."

"Ile sauti ya sekunde ya kumi na tisa. Niliisikia. Mwaka mzima naisikia."

Nikaweka sahani chini. "Mbona hukuandika?"

"Ningeandika nini? 'Leo nimejisikia'?" Alisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Mwanzoni nilikuwa naifuata. Siku hizi najua itakwenda wapi kabla haijaenda. Nikiwaza kupanda, inapanda. Sijui tena nani anamfuatisha nani, mdogo wangu."

"Umezoea tu. Hata mimi najua Bwana Chujio atasema nini kabla hajasema."

"Bwana Chujio yuko chumba cha pili. Ile iko juu ya ncha ya dunia." Akakausha mikono. "Na kumbuka, kwenye ufa hazishuki. Zinapanda. Chochote kilichomo, kimetoka huku."

Nikauliza kama kuna chai.

Kesho yake saa nne kasorobo tulikuwa tumeketi. Spika juu ya meza, waya wake umenyooka mpaka dirishani, hakuna mashine, hakuna kompyuta, ila kinasa sauti cha Mkaguzi mwenyewe kando yake. Mkaguzi aliukagua waya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Bwana Chujio alituletea vikombe viwili vya bati. Maji yalikuwa na ladha ya tangi.

"Jazeni," alisema Mkaguzi ilipofika saa nne na dakika saba.

Tukajaza. Jamani, kukaa kimya ni jambo moja. Kukaa kimya na mashavu yaliyovimba mbele ya dada yako ni adhabu. Nilimkonyeza. Akaangalia ukuta. Nikachezesha nyusi. Akanikanyaga mguu chini ya meza, bila kugeuka, kama anavyonifanyia tangu nikiwa na miaka saba, na kwa sekunde chache nikaona mambo yatakwenda sawa.

Mvumo ulianza. Mafuta yakachemka kwenye spika, yakazidi, Bwana Chujio akatikisa kichwa kwa mazoea. Kisha mvumo ukakatwa, kama mtu amefunika sufuria. Ufa.

Sauti nyembamba ikaja. Kwenye chumba kitupu, bila hedifoni, sikuwahi kuisikia hivyo. Haikutoka kwenye spika tu. Ilikuwa pale katikati yetu, kana kwamba mtu wa tano ameingia bila kubisha hodi. Ikapanda. Mkaguzi aliangalia saa yake, akaangalia koo la Dada, akaangalia saa yake. Koo la Dada halikutikisika.

Sekunde ya kumi na tisa. Ikajikwaa. Hii.

Kalamu ya Mkaguzi ilisimama juu ya karatasi.

Nilitaka kuruka juu. Tumeshinda! Dada yangu ana maji mdomoni na mbingu inaimba, mwambieni huyo mama akameze miwani yake. Lakini sauti haikuwa imemaliza. Iliendelea, ikashuka polepole, na kwenye sekunde ya thelathini na moja ikajikwaa tena. Safari hii haikuvuta hewa.

Kimya. Si mvumo, si mwisho wa ufa. Kimya tu, chenye chumba ndani yake.

Kisha sauti ya mwanamume, ndogo, kana kwamba inatoka mwisho wa bomba refu:

"Dada?"

Na baadaye kidogo:

"Dada?"

Mvumo ukarudi, mafuta yakachemka, setilaiti ikapita.

Bwana Chujio alikuwa amesimama, sijui tangu lini. Mkaguzi alinigeukia taratibu. Mashavu yangu yalikuwa bado yamejaa. Aliyatazama kama mtu anayehesabu upya kitu alichokwisha kukihesabu.

"Meza," akaniambia kwa upole.

Nilishindwa. Ilibidi niyatemee kikombeni.

"Ile ilikuwa sauti yako," alisema Mkaguzi.

"Ndiyo."

"Na ya kwanza ilikuwa yake."

"Ndiyo."

"Na wote mlikuwa na maji." Akaandika. "Nimeona kwa macho yangu. Hamkughushi. Ilivyoingia humo sijui, na leo sitaandika nisichokijua." Akasita. "Lakini faili halifungiki hivi. Ufa huu lazima ufuatishwe. Nikipeleka ufa usio na mfuatisho, watauliza kwa nini umerukwa, na watasema kuna kilichofichwa. Mnawajua."

"Nawajua," alisema Dada. Alikuwa ameshameza maji yake zamani. Alisimama, akanyoosha gauni. "Nitafuatisha."

Nikamzibia mlango. "Huingii."

"Pisha."

"Umesikia inavyoisha?"

"Nimesikia inavyokatika. Inavyoisha sijasikia."

"Usinichezee maneno, hiyo ni kazi yangu! Lisemwalo lipo, kama halipo..."

"Laja," akamalizia. "Lakini aliyesema humo ni nani, mimi au wewe?" Akaniwekea kiganja kifuani, kama anapima homa. "Miaka tisa sijaruka ufa. Sitaruka ule unaobeba jina langu. Nikiacha leo, wataniita mghushi mpaka nife, na wewe utaniona kila siku nikiwa nimeitwa hivyo. Pisha, mdogo wangu."

Nikapisha. Ni nani aliyewahi kumshinda dada aliyemfunga kamba za viatu?

Lakini lile swali lake lilibaki limenikwama. Aliyesema humo ni nani. Nusu ya kwanza ni yake, hiyo siwezi kuizuia. Nusu ya pili ni yangu. Na mdomo huu, ulioponza kichwa changu shuleni, kazini na kwenye misiba miwili, ni wangu peke yangu.

Nikachukua kikombe cha bati, nikajaza maji mdomoni mpaka mashavu yakauma.

Mlango wa kibanda una kidirisha cha kioo. Dada aliketi mgongo kwangu, akavaa hedifoni, taa nyekundu ya maiki ikawaka. Sauti haitoki nje, magodoro yale hayana mzaha, kwa hiyo nilikuwa naona tu: mshale wa kipimo ukipanda na kushuka, na mabega yake. Pampu ilikuwa mkononi mwangu. Mkaguzi alisimama nyuma yangu na saa. Bwana Chujio alikuwa anaomba dua kwa midomo, sijui ya nini, nadhani ya kila kitu.

Sekunde ya kumi na tisa mabega yaliinuka, akavuta hewa, mshale ukaendelea. Vizuri. Mshale ukaanza kushuka. Polepole, polepole, kama ilivyoshuka ile sauti ya angani.

Thelathini na moja. Mshale ukalala.

Kichwa cha Dada kikainama, kikaendelea kuinama, mpaka paji la uso likagusa meza.

Wenzangu, neno lile halikusubiri ruhusa. Lilitoka tumboni lenyewe, na miaka ishirini ya mazoea nyuma yake, likagonga maji. Maji yakapanda puani. Macho yakaniwaka. Niliukaza mdomo kwa mkono, nikaufungua mlango kwa kiwiko, ingawa kuufungua wakati taa nyekundu inawaka ni kosa kubwa kuliko yote, na nikaingia kwenye ule ukimya wa magodoro. Ndani yake nikaitambua harufu ya kile chumba nilichokisikia kwenye spika. Najua sauti haina harufu. Hata hivyo niliitambua.

Neno likagonga tena, mara ya pili. Nikalizuia.

Nikamshika bega, nikamwinua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Nikamwekea pampu, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mkono wake ukatafuta wangu, ukaikamata pampu, ukabonyeza wenyewe. Kisha hewa ikaingia kifuani mwake kwa mlio mrefu wa mlango mbovu, sauti mbaya kuliko zote duniani, na tamu.

Alinitazama. Mimi mashavu yamejaa, machozi na maji ya puani yamechanganyika, naonekana kama samaki aliyepewa talaka.

"Mbona hukuniita?" akauliza.

Ndipo nikayameza.

Mkaguzi alizipanga rekodi zote mbili mezani, akazichezesha pamoja. Mpaka sekunde ya thelathini na moja hukuweza kupitisha unywele katikati yao. Baada ya hapo, angani: "Dada? Dada?" Kwetu: mlango, pampu, pampu, hewa, na "Mbona hukuniita?"

"Hazifanani," alisema Bwana Chujio kwa sauti ya mtu aliyepotewa.

"Hazifanani," Mkaguzi alikubali. Akaandika mistari miwili, akatia sahihi, akatusomea. "Hakuna kughushi. Ufa haukufuatishwa hadi mwisho." Akafunga mkoba. Alipofika mlangoni akageuka. Akamwomba Bwana Chujio chai. Alikunywa vikombe viwili akiwa amesimama, bila kuketi hata kidogo.

Dada alisoma ile karatasi mara nyingi. Jina lake lilikuwa safi, lakini kilichomuuma ni ule mstari wa pili.

"Umeniharibia rekodi," akaniambia tukishuka ngazi. "Miaka tisa!"

"Bora rekodi."

Akanipiga kwa mkoba, kwa nguvu, na akacheka, na kucheka kukamkohoza, na nikashika ukuta wa ngazi mpaka kikohozi kikaisha.

Huu ni mwezi wa tatu sasa tangu siku ile. Bwana Chujio amemhamishia Dada kwenye mvumo. Nyufa nazifuatisha mimi, kwa sauti inayowafanya wenye setilaiti waandike barua za malalamiko. Kwenye ufa siku hizi kuna ile sauti nyembamba tu. Haijikwai, haivuti hewa. Nimezipitia rekodi zote za nyuma, moja baada ya nyingine, nikitafuta mahali pengine ambapo naita. Hakuna. Niliita kwenye ufa mmoja tu huko juu, na mwito ule haujafuatishwa na mtu. Uko tu, umeshatoka huku kwetu, unanisubiri mimi mwenyewe niufuatishe.

Kwa hiyo simwiti tena jina lile. Namwita Mheshimiwa, namwita Mama Mkuu wa Mafuta Yanayochemka, namwita Kamanda, namwita "wewe mwenye nyumba". Majirani wanadhani tumegombana. Juzi aliniuliza mwenyewe, mikono ndani ya beseni, mgongo kwangu.

"Siku hizi huniiti dada. Nimekukosea nini?"

"Nimekupandisha cheo, Kamanda. Madada ni wengi, makamanda wachache."

"Mjinga wewe," akasema, akaendelea kuosha na kuimba, uuu, ikapanda, ikashuka.

Nilikuwa nafuta sahani. Sauti ikajikwaa. Nikangoja hewa.

Haikuja.

Sikugeuka. Niliinama kwenye bomba, nikajaza mdomo, mashavu yakavimba, mkono ukaenda mfukoni kwenye pampu, na ndipo nikazunguka polepole kumwona usoni. Alikuwa amezamisha mkono mpaka kiwiko, ameuma ulimi kwa umakini, anatafuta kijiko chini ya povu.

"Nini?" akasema, akiyatazama mashavu yangu.

Nikatikisa kichwa. Akakipata kijiko, akavuta hewa, akaendelea kuimba. Mimi nilibaki na maji mdomoni mpaka vyombo vikaisha.